Plau Mbele ya Magari ya Vita

Mvua ya tatu ilishanyesha, na mtama wa mbegu bado umefungiwa mitungini. Kwetu hapandi mtu kabla mfalme hajashika plau akalima mistari mitatu kwenye shamba la mababu, pale kando ya lango kuu. Mwaka ule mfalme wetu kijana alitaka kwanza akawapige majirani. Ng'ombe wetu wakachukuliwa kukokota mizigo ya vita, nasi wakulima tukapewa mikuki. Nilikuwa na hasira, lakini nani angethubutu kusema?

Alithubutu Qu Mian, mshauri wa mfalme, mzee wa miaka sabini na mbili aliyemfundisha mfalme kusoma. Asubuhi ya safari tulimkuta langoni, plau kaliweka katikati ya njia, kamba ya kukokotea kaivaa mabegani.

"Mwalimu, toka njiani," mfalme alisema kutoka garini. "Farasi hawa hawana adabu."

"Niliyemfundisha mwenyewe hana, sembuse farasi."

Mtu nyuma yangu alicheka, akajidai anakohoa.

"Nikirudi nitalima."

"Ukirudi mvua imekwenda zake. Utatawala nani, makaburi?"

"Na ng'ombe hakuna!"

"Si huyu hapa? Shuka ushike mpini, baba."

"Nitaamuru wakukanyage."

"Amuru."

Mfalme akaamuru. Hakuna aliyesogea. Tusijisifu, haukuwa ushujaa. Kila mmoja alikuwa anauwaza mtungi wake.

Basi akashuka, uso umemwiva kwa aibu, akashika mpini. Mzee akavuta. Mstari wa kwanza ulipinda lakini ulifika mwisho. Katika wa pili mzee alianguka kwa magoti, akainuka, ndevu zimejaa tope. Nililia, wala sikujificha. Katika wa tatu alianguka tena, na safari hii hakuweza kujiinua.

"Usiniache katikati," alimwambia mfalme. "Mstari haujafika."

Mfalme aliuacha mpini, akamwinua. Kisha akamvua mzee ile kamba, akaivaa mwenyewe juu ya ngao ya kifua.

"Mwalimu, shika mpini wewe."

Akavuta. Aliteleza, akatukana, akavuta tena mpaka mwisho wa shamba. Aliporudi kwetu alikuwa anahema, bega limechubuka.

"Wekeni mikuki chini," alisema. "Chukueni ng'ombe wenu, mkapande..."

Sikusubiri amalize. Nilikuwa nimeshaanza kukimbia.