Kiti cha Mama Radhi

Pilipili alikataa kukaa. Kiti kilikuwa palepale mbele ya meza, kimewekewa na mto, na mwenye ofisi alimwonyesha kwa mkono mara ya pili, lakini binti alibaki amesimama mlangoni, kifua mbele.

"Kaa basi, mwanangu. Chai inachemka."

"Sikufuata chai. Na mimi si mwanao."

Mwenye ofisi alikwenda kuizima chai. Wanafunzi walimwita Mama Radhi, na kazi yake ilikuwa kuwatetea na kuwashika mkono wenye matatizo chuoni: aliyefiwa, aliyeshindwa mitihani, aliyegombana na mhadhiri, na zaidi ya wote, aliyeitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Chuo kilimtupa chini ya ngazi, kwenye chumba cha dari la kuinamia, ambako kila kipindi kikiisha miguu ya watu ilipita juu ya utosi wake. Humo alikuwa na birika la umeme, boksi la karatasi laini za kufutia machozi, na kiti hicho chenye mto.

Jina hakulipata bure. Kila aliyeitwa na kamati alipitia kwake, akanyweshwa chai, akaachwa alie mpaka amalize, kisha akaambiwa maneno yaleyale: omba radhi, omba kwa unyenyekevu, mimi nitakuombea adhabu ndogo. Kama kweli amefanya au hakufanya, Mama Radhi hakuuliza. Hiyo ilikuwa kazi ya kamati, yeye kazi yake kupooza. Nusu shari kuliko shari kamili, ndivyo alivyosema, na miaka yote hiyo hakuna mwanafunzi wake aliyefukuzwa chuo. Walisimamishwa masomo tu, wakaenda nyumbani kutulia. Alijivunia hilo.

Kesi ya Pilipili ilikuwa nzito. Maji yalikatika bwenini, wasichana wakaandamana na ndoo tupu wakizipiga kama ngoma, na katika purukushani ile matroni wa bweni akakutwa amefungiwa ndani ya stoo ya mashuka. Alitolewa jioni, sauti imemkauka kwa kupiga kelele. Akaapa kuwa aliyemfungia ni Pilipili, kwa sababu ndiye aliyekuwa anaongoza, na ndiye mwenye mdomo usiokoma. Binti alikuwa mwaka wa mwisho wa uuguzi. Akipatikana na hatia, hana chuo, hana cheti, hana kazi.

"Sikiliza," Mama Radhi alisema. "Kamati ikikutana, utasimama, utamwomba matroni radhi. Mimi nitasema ulikuwa na hasira za ujana. Watakupumzisha mwaka, halafu utarudi umalizie."

"Nimwombe radhi ya nini?"

"Ya kumfungia."

"Kumbe na wewe umeshanihukumu! Hata kuniuliza kama nimefanya hujaniuliza."

"Mimi siulizi, ndiyo kawaida yangu. Ninachotaka ni kukuokoa."

"Kuniokoa?" Pilipili alicheka kicheko kibaya. "Wewe unauma na kupuliza, mama. Tena unapuliza vizuri kuliko wanaouma." Akaubamiza mlango, vikombe vikagongana.

Mama Radhi aliwaka. Kilichomuuma zaidi ni kwamba hajawahi kutukanwa kwenye chumba chake mwenyewe na mtu aliyekuja kusaidiwa. Mtoto hana adabu, alijiambia, ngoja dunia imfunze. Na akiwa bado na hasira hizo akakutana na mwenyekiti wa kamati kwenye korido, kikombe mkononi, mahali ambapo kesi zote za chuo kile zilimalizwa kabla hazijaanza.

"Vipi Mama Radhi, yule wa stoo ataomba radhi?" mwenyekiti aliuliza, kama mtu anayeuliza kama mvua itanyesha.

"Ataomba," akajibu.

Alijibu kwa mazoea tu. Walishaongea hivyo mara nyingi, yeye na mwenyekiti: akisema ataomba, mwenyekiti anaipunguza adhabu moyoni, na kikao kinakuwa cha kupiga muhuri. Tofauti ni kwamba safari hii mwenye radhi zake alikuwa amekataa, na Mama Radhi alizigawa kama vile ziko kwenye mkoba wake.

Neno halikulala. Matroni alilidaka, akalitembeza bweni zima kuwa Pilipili ameshakubali kosa. Asubuhi binti akamvamia Mama Radhi kwenye ngazi, mbele za watu.

"Umeniuza! Nani alikutuma ukanikubalie kosa? Mimi sikumfungia yule mama, sikuwa hata karibu na stoo! Unalipwa kututetea au kutuchinja?"

"Shusha sauti."

"Sishushi! Wewe ni mbaya kuliko wao. Wao angalau tunajua ni adui."

Wanafunzi walisimama kutazama, wengine wakaguna, mmoja akapiga mluzi. Hakuna aliyemtetea mtetezi. Mama Radhi aliondoka, moja kwa moja mpaka bwenini, na tusimsifu bado, kwa maana hakwenda kutafuta haki ya binti. Alikwenda kutafuta uhakika kwamba binti ni mwongo. Aliuona mlango wa stoo uko wazi, umezuiliwa na jiwe. Akalisogeza jiwe kwa mguu, akaingia, akauvuta mlango nyuma yake aone kama mtu aliye ndani anaweza kufungiwa bila kumwona anayefunga.

Mlango ukajifunga, ko! Akapapasa kishikio ili afungue. Hakikuwepo. Upande wa ndani palikuwa na tundu tupu tu, kishikio kimeng'oka zamani na kutu imejaa. Alisukuma, akagonga, akaita, akanusa jasho lake mwenyewe katikati ya mashuka ya chuo. Mwishowe akasikia kandambili zinapita.

"Nani humo?"

"Ni mimi! Mama Radhi! Nifungulieni!"

Kandambili zikasimama. Kisha sauti ya msichana mwingine: "Omba radhi kwanza!"

Wakacheka hao, wakacheka mpaka wakakaa chini, na yeye humo ndani akawalaani kimoyomoyo. "Lakini mimi sijafanya kitu!" alipiga kelele, na alipojisikia akisema maneno hayo, akaacha kugonga. Walimfungulia walipochoka kucheka. Hakuwagombeza. Aliwapita kichwa chini, shuka limemganda begani.

Siku ya kikao, matroni alikaa karibu na dirisha, kilemba kipya kichwani. Pilipili alisimama, hapa pia alikataa kiti, na hakumtupia Mama Radhi hata jicho.

"Tusipoteze muda," mwenyekiti alianza. "Tumeshaambiwa mwanafunzi anaomba radhi. Haya, binti, omba tuendelee."

"Mwenyekiti," Mama Radhi alisema, akainuka. "Haombi. Mimi ndiye niliyesema ataomba, na nilisema bila idhini yake. Hakuwahi kukubali kosa. Nayafuta maneno yangu."

Mwenyekiti aliweka miwani mezani. "Uliniambia kwa mdomo wako."

"Nilikosea kwa mdomo wangu."

"Kwa hiyo siku zote unatuletea maneno ya kubuni?"

Swali hilo lilimchoma. Akamgeukia matroni. "Matroni, naomba kuuliza. Siku ile, nani aliuvuta mlango wa stoo?"

"Huyo hapo! Nilimsikia anapiga makelele nje!"

"Sauti uliisikia. Mkono wake kwenye mlango uliuona?"

"Ningeuonaje na mimi niko ndani?"

"Uliingiaje humo ndani, na maandamano yamefika mlangoni mwa bweni?"

"Mama, usinifanye mtoto!" Matroni alisimama, kilemba kikapinda. "Walikuja na ndoo, wanapiga kelele kama wendawazimu! Ulitaka nifanyeje? Nisubiri wanivunje kichwa? Niliingia, nikavuta mlango, nikajificha, kwani kujificha ni dhambi?"

Mwenyekiti aliichukua tena miwani, akaivaa. Matroni mwenyewe alichelewa kuelewa alichokisema. Alipoelewa, alikaa polepole na kuanza kukirekebisha kilemba.

"Mlango ule hauna kishikio cha ndani," Mama Radhi alisema. "Ukiuvuta, umejifungia mwenyewe. Mimi nimeshafungiwa humo. Bweni zima linajua, wamenicheka vya kutosha."

Mwenyekiti alifuta kesi kwa sauti ya mtu anayetema mfupa. Wakati wanatoka alimwinamia Mama Radhi sikioni. "Nimekusaidia miaka yote. Kuanzia leo usinijie koridoni. Wanafunzi wako watakuja hapa mikono mitupu, tuone utawaokoa vipi." Hakutania, na Mama Radhi alijua kwamba hakutania.

Alirudi chini ya ngazi. Pilipili alimfuata mpaka ndani, na Mama Radhi akadhani amekuja kushukuru. Hata mkono aliuandaa.

Binti hakuushika. Alikitazama kile kiti chenye mto.

"Kaka yangu alikaa hapo," alisema. "Ulimpa chai. Ukampa na karatasi za kufutia machozi. Walisema ameiba kompyuta ya maabara, ukamwambia aombe radhi, wewe utampunguzia. Akaomba. Mkampa mwaka mmoja akatulie nyumbani. Baba hakutaka mwizi chini ya paa lake. Kaka hakurudi chuo, na mpaka leo hawasemezani."

Mama Radhi alimtafuta kijana huyo kichwani. Aliona vikombe, aliona migongo iliyoinama, aliona mikono ikichukua karatasi kwenye boksi. Sura hakuipata hata moja. Aliogopa kwa mara ya kwanza tangu aingie kazi ile.

"Alikuwa amefanya?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Pilipili alikuwa ameshashika mlango. Safari hii hakuubamiza.

"Leo ndiyo unauliza?"