Nguzo Iliyozama

Mahadhi alimdhulumu Mahfudha mchana kweupe, tena kwa tabasamu. Mume wa Mahfudha alipofariki, Mahadhi, ndugu wa marehemu, alikitwaa kibanda chao cha kuchora mabango pale Muyeye, akafuta jina la mjane mlangoni na kuandika lake. Mjane akabaki ndani akichora, na sifa zikamwendea bwana asiyejua hata kuosha brashi. Mahfudha aliyameza hayo yote, lakini hakusahau. Mla cha mwenziwe, na chake huliwa.

Mwaka wa themanini na sita, kiwanda kimoja cha chumvi huko Gongoni kilitaka ubao wa maonyesho: nguzo za rangi, kila nguzo mavuno ya mwaka mmoja, nazo zitokeze ubaoni hata mtu atamani kuzishika. Mchoraji ambaye kazi yake ingependeza angepewa kazi zote za kiwanda. Mahfudha akazichora, ila ya mwisho akaiacha. Kingo za juu na za kushoto alizipaka nyeupe, kama zilizopigwa na jua. Za chini na za kulia akazitia kiza. Nguzo zikatokeza kama matofali.

Mahadhi, kwa kupenda makuu, alikwisha kumwahidi meneja kuwa nguzo ya mwaka huu ataichora kwa mkono wake mbele ya wageni.

"Shemeji, hebu nifundishe hii moja tu."

Mahfudha aliutazama mlango. Moyo ulimwaka, lakini sauti ilitoka tamu.

"Ya mwisho hugeuzwa, shemeji. Kiza juu na kushoto, nyeupe chini na kulia. Hapo ndipo itakapozishinda nyenziwe."

"Haitaharibika?"

"Nimekudanganya lini mimi?"

Kweli hakuwahi, na Mahadhi, kwa uvivu wake, hakujaribu hata mara moja.

Siku ya maonyesho alisimama na kanzu yake ya pasi, akapaka kwa madaha. Aliye karibu na ubao huona mistari tu. Walio mbali ndio waonao umbo. Minong'ono ikaanza nyuma, kisha kicheko.

"Mbona mavuno ya mwaka huu yamekuwa shimo?" aliuliza Kitsao, msimamizi wa mabwawa ya chumvi.

Mahadhi akarudi nyuma, akaona. Nguzo zote zilisimama. Yake ilikuwa imezama ubaoni.

"Shemeji, njoo uitengeneze!"

"Niitengeneze mimi?" Mahfudha alijibu kwa sauti, wote wasikie. "Jina lililo mlangoni ni la nani?"

Maina, meneja, akamgeukia. "Kwani hizi nyingine ni zako, mama?"

"Zote."

Maina akampa brashi. Mahfudha hakuigusa nguzo ile. Chini ya zile zilizosimama aliandika jina lake, taratibu. Kisha akasogea, na chini ya shimo, kwa herufi nzuri kuliko alizowahi kuandika maishani mwake, akaandika: MAHADHI.