Meno ya Cherehani

Kitambaa kiligoma kwenda. Bibi Fundi alikanyaga pedeli, sindano ikapanda na kushuka pale pale, ikatoboa tundu moja mpaka likawa pango. Akainamia cherehani, akapapasa vile vimeno vya chini vinavyosukuma nguo. Vimelainika kama ufizi wake mwenyewe.

Na gauni ni la mdogo wake, aliyepata mchumba uzeeni, na harusi ni kesho. Lisipokuwa tayari, bibi harusi ataazima la wifi yake, yule ambaye akikupa chumvi mtaa mzima utajua. Bibi Fundi akaapa haliazimwi.

Alianza kwa binti yake, anayemsaidia daktari wa meno.

"Mama, jino bovu linang'olewa. Ling'oe, ushone kwa mkono."

"Ungekuwa fundi wewe, watu wangetembea uchi."

Akafungua kile chuma chenye vimeno, akakifunga kwenye leso, huyo mpaka gereji kwa mtoto wa kaka yake.

"Shangazi, gia ikiisha meno tunatupa, tunafunga nyingine. Agiza kingine, wiki ijayo utakipata."

"Wiki ijayo nitamvisha nani, bwana harusi?"

Akavuka barabara hadi kwa seremala, mdogo wa marehemu mumewe. Alimkuta kaubana msumeno, anautia tupa jino moja moja. Bibi Fundi akasimama kimya, jambo ambalo seremala hakuwahi kuliona.

"Shemeji, unaumwa?"

"Kwenu hapa, jino likiisha?"

"Linanolewa."

"Basi lete tupa ndogo kuliko zote."

Seremala akakigeuzageuza kile chuma. "Haya meno ya panya. Mkono wangu mzito."

"Wewe shika. Kunoa nitanoa mimi."

Alinoa mpaka vidole vikafa ganzi. Wakarudi kwenye cherehani, Bibi Fundi akakifunga mahali pake. Kitambaa cha kujaribia hakukiona karibu, akavuta pindo la shati la shemeji, mwenyewe yumo ndani. Cherehani ikaling'ata, likachanika.

"Makali mno," seremala alisema, akilitazama tumbo lake. "Pitisha msasa."

Akapitisha kidogo, akavuta pindo la upande wa pili. Safari hii lilitembea lenyewe, mshono umenyooka.

"Na huku kulikochanika?"

"Panga foleni, shemeji. Mbele yako kuna bibi harusi," alisema, akatandaza gauni chini ya sindano, akakanyaga.