Jina la Nkwabi Katika Daftari la Wavu

Usiku wa jana niliota nimefika ng'ambo, kwenye chuo kikuu alichosoma kaka yangu Nkwabi, ili nimwitikie jina. Nkwabi alikuwa amejiunga na timu ya mpira wa wavu ya chuo. Alituandikia hivyo mwezi Januari. Mwezi Machi tukamzika hapa Magu. Timu haikuwa na habari za Magu. Ilikuwa na daftari la mahudhurio, na sheria: anayekosa mazoezi mara tatu, jina lake linafutwa.

Alikuwa amekosa mara mbili.

Ukumbi wa mazoezi una theluji ndani, nje jua kali. Napiga hodi. Hakuna anayenikaribisha. Napiga tena. Wavu uliofungwa katikati ya uwanja unanitazama kwa matundu yake yote.

"Huku watu huingia tu," unasema. "Ila usiniguse. Kunigusa ni kosa."

"Nimekuja kuitikia jina la kaka yangu."

"Mwone kocha. Na usinipumulie."

Kocha alikuwa filimbi. Ilikuwa imeketi nyuma ya meza, imevaa tai ingawa haikuwa na shingo.

"Wewe ni mwanachama?"

"Ni dada yake."

"Hilo halimo kwenye fomu."

Nikapewa fomu. Iliuliza kama nina bima ya meno, kama nimewahi kuruka katika nchi nyingine, na kwa ruhusa ya nani. Filimbi ikanieleza kwamba mwanafunzi wa kigeni anaruhusiwa kukaa hewani saa ishirini tu kwa wiki. Nikatazama juu. Darini walikuwepo wageni watatu waliozidisha. Walikuwa wanasubiri barua ya kuwaruhusu kushuka. Mpira wenyewe ulikuwa pembeni unafanya mtihani wa Kiingereza kwa mara ya nne, ingawa ulishonwa hapo hapo.

Nilijaza yote. Penye kiwango cha elimu niliandika kidato cha nne. Filimbi ikasoma, ikavuta pumzi.

"Hii ni timu ya chuo kikuu."

"Sitaki kucheza. Nataka kusema 'yupo', niondoke."

"Yuko wapi?"

Nikairudisha kalamu mezani.

Filimbi ikafungua daftari. Ikaliandika jina lake upya kwa wino mwingi, kwa kuwa sheria inataka jina linalofutwa liwe linasomeka vizuri. Kisha ikachukua kifutio.

"Nkwabi Masunga," ikaita.

Nikafungua mdomo. Ukajaa theluji.

Ghafla uwanja ni ua wetu wa Magu. Wavu umefungwa kati ya jiko na ghala la mtama, watu wamekaa kwenye majamvi ya matanga, na filimbi na meza yake viko katikati. Anaingia Mwantumu, Mzaramo, mtani wetu. Kwa desturi mtani akija msibani hazuiwi na mtu. Atamtukana marehemu, atalikalia jeneza, na hakuna kitakachoendelea mpaka apewe kitu aridhike.

"Wasukuma nyie!" anapiga kelele. "Mnasoma mpaka ng'ambo, mnakufa kishamba vilevile! Yuko wapi yule mla michembe, viazi vyenu vya kukausha?"

"Mtani, wanamfuta."

"Nani? Kidude hiki?"

Akakusanya khanga yake, akalikalia daftari, likiwa wazi, wino haujakauka.

"Mama, inuka," filimbi ikasema.

"Siinuki. Nataka jogoo."

"Wewe ni mwanachama?"

"Mimi ni mtani."

Filimbi ikafunua kitabu cha sheria, ukurasa kwa ukurasa. Kulikuwa na kifungu cha mzazi, cha wakili, cha daktari, hata cha mbwa anayeongoza vipofu. Mtani hakuwemo.

"Hatuna fomu ya hilo," ikasema kwa sauti ndogo. "Itabidi iundwe kamati."

"Iundwe. Mimi nimeshakaa. Mtu mwenyewe alipita Dar kwenda kupanda ndege, hata salamu hakunipa. Leo mnataka kumfuta hivi hivi? Sijamaliza kumtukana!"

Watu wa matangani wakacheka. Nami nikacheka, mara ya kwanza tangu Machi, na kicheko ndicho kilichoniamsha.

Simu inaita. Ni Mwantumu, kutoka Kisarawe. Hajapiga tangu tulipoondoa matanga.

"We Msukuma, mmenifanyia nini? Nimeamka, khanga niliyolala nayo ina wino makalioni. Nimesugua kwa sabuni mara mbili, hautoki. Maandishi yenyewe yamekaa kinyumenyume."

"Una kioo?"

"Si ndiyo nimesimama mbele yake, shingo inataka kukatika kwa ajili yenu!" Nikasikia khanga ikivutwa. Aliporudi, sauti haikuwa ya utani. "Kabula, nisome?"

"Soma, mtani."

Akasoma jina la kaka yangu, lake na la baba, polepole. Kisha namba ya jezi, kumi na nne, ambayo hapa nyumbani hatukuwahi kuijua.



"Basi," akasema, "hii khanga siifui tena."