Ubeti wa Mwisho Unakwaruza

Nilimwambia fundi Abrahamu tangu mwanzo kwamba sina muda, naye akafanya kama hajasikia. Gari langu lilikuwa mbele ya kibanda chake pale Mwanjelwa, Mbeya, milango wazi, kiti kimeng'olewa, na msafara wa harusi ya dada yangu Gloria ulikuwa unanisubiri Uyole twende Iringa.

Kwenye ukoo wetu bibi harusi hashuki garini kwa wakwe mpaka mama yake amwimbie wimbo hadi mwisho. Mama yetu hawezi tena. Mwaka jana alipasuliwa rovu shingoni, na ile sauti aliyoongozea kwaya tangu usichana imebaki mnong'ono. Daktari alikuwa amemwonya, kwa hiyo asubuhi ya upasuaji aliuimba wimbo peke yake na kuurekodi kwenye simu. Huo ndio nilitaka kuupiga getini kwa wakwe. Lakini kila ukifika ubeti wa mwisho, spika zinakwaruza.

"Redio yako haina nguvu," Abrahamu alisema. "Ukiipandisha sana inajikamua, sauti inapasuka. Amplifaya itabeba mzigo. Redio yenyewe iache katikati."

Alivuta waya mnene kutoka kwenye betri, akafunga amplifaya chini ya kiti, akapima na kwaya nyingine. Ikatoka safi, besi na kila kitu. Nikaweka wimbo wa mama. Ubeti wa mwisho ukakwaruza tena.

Nikamwambia hajui kazi.

"Kaka, haraka haraka haina baraka," alijibu, akapunguza kidogo skrubu ya amplifaya kwa bisibisi. Ukakwaruza vilevile. Simu ikaita, wananiulizia. Nikamnyang'anya bisibisi, nikaondoka nayo.

Mama nilimchukua Uyole. Sikutaka asikie sauti aliyoipoteza, kwa hiyo nilingoja ashuke. Igawa alishuka kujinyoosha, nikaupiga wimbo na kuzungusha skrubu. Makambako alikwenda chooni, nikazungusha tena. Roho ilikuwa juu juu. Akilini nilimwona Gloria amekaa na shela lake mbele ya wakwe, na mama yake anakwaruza kama bati, na watu wanaziba midomo wasicheke.

Mafinga nilikuwa nimeinama chini ya kiti mlango ulipofunguliwa. Ubeti wa mwisho ulikuwa unapita. Nikazima, lakini nilikuwa nimechelewa.

"Lugano, unatafuta nini humo?" mama alinong'ona.

"Spika, mama. Zinaharibu hapa mwishoni. Nazitengeneza."

Alinyoosha mkono, nikampa bisibisi.

"Spika hazina kosa, mwanangu. Hapo nilikuwa nalia."

Nikajifanya naangalia waya.

"Nikate hapo?" niliuliza baadaye.

"Uache. Ni wa Gloria."

Bisibisi aliitia kwenye mkoba wake, akafunga mkanda, tukaendelea na safari.

Getini kwa wakwe, Iringa, nilifungua milango yote, redio katikati kama nilivyoelekezwa. Sauti ya mama ikatoka safi mpaka barabarani. Watu walinyamaza. Ubeti wa mwisho ukafika, ukakwaruza.

Gloria hakungoja wimbo uishe. Alishuka kwenye gari la bibi harusi na shela lake, akawapita wakwe wote, akaja kumkumbatia mama.