Hina ya Mkono Mmoja

Waridi alikuwa ameendesha basi la wauguzi Bujumbura miaka kumi na mitano bila kumkwaruza hata kuku, halafu akaja Kenya akaangushwa na kigari cha plastiki. Ndiyo, cha plastiki, cha kuchezea mtoto! Hapa mtihani wa udereva huanzia mezani: unawekewa ubao uliochorwa mji mzima, barabara na raundabauti, unapewa kigari, unaambiwa haya, kitoe mjini. Wiki mbili zilizopita, huko Thika, Waridi alikisukuma kwa maringo akakiingiza raundabauti kwa mkono wa kulia, kama kwao, ambako magari hupita kulia. Mtahini akamwambia, "Umeshatuua sote. Rudi ukasome."

Iliuma, tena iliuma sana. Leseni yake ya Kifaransa alikuwa ameshaitafsirisha, akidhani atabadilishiwa aende zake. Akaambiwa kama ni basi la watoto anataka kuendesha, mtihani ni lazima. Na basi lenyewe lilikuwepo, la manjano, limeegeshwa katika shule moja kule Mugutha. Mwalimu mkuu alikuwa amesema wazi: shule inafunguliwa Jumatatu, na Waridi asipoleta karatasi ya kufaulu kufikia Ijumaa, kuna mwanamume wa Witeithie anaitaka hiyo kazi.

Leo ilikuwa Ijumaa.

"Mama Ikhlas, uko sawa?" Boaz alimuuliza wakitoka Ruiru kwenda kurudia mtihani na kanta, lori dogo la shule ya udereva. Boaz ndiye aliyekuwa mwalimu wake, mtu wa Kakamega, mpole, ila akicheka anacheka mpaka mabega.

"Niko sawa kuliko gari lako. Klachi inalia hii."

"Wacha maneno. Na hiyo hina, iliisha kabla ya mkono wa pili?"

Waridi aliinua mkono wa kushoto, maua matupu kuanzia kucha hadi kiwiko. Wa kulia haukuwa na kitu. Bintiye Ikhlas ndiye aliyempaka, huku akinung'unika kwamba bibi harusi wa mkono mmoja hajawahi kumwona.

"Penye maua ndipo pa kukaa barabarani," Waridi alisema. "Kichwa kinajua, Boaz. Mwili ndio mbishi."

Mtahini wa siku hiyo aliitwa Madam Warigia, mama wa miwani iliyofungwa uzi, na uso wa mtu ambaye hajacheka tangu mvua za mwaka jana. Mezani Waridi hakuringa. Aliangalia mkono wake, akasukuma kigari, akakizungusha, akakitoa mjini salama.

"Haya," alisema Madam Warigia. "Twende barabarani."

Na hapo, wee! Waridi alitoka mbio kwa furaha, akafungua mlango wa kushoto wa kanta, akapanda, akafunga mkanda, akanyoosha mikono kushika usukani. Akashika hewa.

Waliokuwa kwenye foleni wakaangua kicheko. Boaz alijishika kichwa. Madam Warigia alikuwa amesimama nje ya mlango ule ule, karatasi zake kifuani, akingoja kiti chake.

Waridi akauvuta mkanda mara mbili. "Nakukagulia mkanda, madam. Uko imara." Akashuka, akazunguka mbele ya gari shingo imenyooka na mashavu yakiwaka moto.

Barabarani sasa alikuwa nyumbani. Gia zilimtii hata na ile klachi mbovu. Ndipo bodaboda ikatokea mbele, upande usio wake, ikimjia moja kwa moja kwenye ukingo wa kushoto. Mwili wa Waridi ukapiga kelele. Kwao anayekuja hupita kushoto kwako, basi uko Bujumbura, mwili ulimwambia, sogea kulia! Na kulia lori la mawe lilikuwa linashuka kwa kasi.

Akayaona maua juu ya usukani. Akabaki pale pale, akapiga honi, akakanyaga breki. Lori likapita. Bodaboda nayo ikajipenyeza pembeni, mwenyewe akipunga mkono kama mtu aliyesalimiwa.

"Mshenzi!" Waridi alifoka, kisha akakumbuka aliyeketi kando yake.

"Mshenzi kabisa," alisema Madam Warigia, akaandika kitu.

Waliporudi, Madam Warigia hakushuka upesi. "Miaka kumi na minane nafanya hii kazi, na hakuna mtu amewahi kunikagulia mkanda. Ulikuwa unakagua kweli?"

Waridi aliliwaza basi la manjano. Neno moja tu, ndiyo, na mambo yangeisha. Lakini aliwawaza pia watoto ambao wangepanda humo.

"Hapana, madam. Nilikosea mlango. Kwetu usukani uko huko ulikokaa. Mwili haujasahau, ndiyo maana nimeupaka hina."

Madam Warigia aliutazama ule mkono kwa muda, kisha akatia sahihi. "Umefaulu. Na hiyo hina, ikianza kufifia, paka nyingine."

Waridi alimpigia mwalimu mkuu simu pale pale, akiongea kwa sauti ya kusikika hadi sokoni. Kisha akaenda zake kwenye mlango wa kushoto, mlango wa abiria, ili arudishwe Ruiru. Akakuta Boaz ameshakaa humo, mkanda kifuani.

"Umekosea mlango tena, dereva," Boaz alisema, akamrushia funguo.