Moto wa Saa Saba

Mama yangu alitufundisha kuchoma majani alfajiri, umande ukiwa bado unalowesha miguu na upepo umelala. Unachoma ukanda mwembamba, unasimama na tawi bichi mkononi, unasubiri. Siku hizi kuchoma kumekatazwa, na Mtendaji wa kijiji hupita asubuhi na pikipiki yake akitafuta moshi. Basi sisi wa chini ya Mlima Mbeya tunachoma saa saba mchana, yeye akiwa anakula. Jua kali, upepo umeshaamka. Tunajua ni ujinga, na tunachoma hivyo hivyo.

Jumamosi moja ya mwezi wa kumi nilichoma mimi. Nilitaka kusafisha ukingo wa juu wa shamba langu la pareto, nipande viazi mvua ikianza. Kabla ya kuwasha kiberiti niliangalia mlimani, sikuona mtu. Mjukuu wangu Faustina, mpenda milima, alikuwa ameniaga asubuhi kwamba anakwenda mlima mwingine kabisa, ule wenye minara ya simu, yeye na wenzake.

Faustina, mtoto wa binti yangu Leokadia, anafundisha shule huko Iringa. Amejiwekea nadhiri kupanda vilele virefu vya kila mkoa, vile ambavyo mtu wa kawaida anaruhusiwa kufika. Cha Iringa alikipanda kule Udzungwa, siku sita porini, askari wa hifadhi mbele na bunduki. Rungwe alimaliza mwaka jana. Asubuhi hiyo nilimfungia viazi vya kuchemsha kwenye kitenge changu cha pamba, naye akanicheka.

"Bibi, miaka hamsini uko chini ya mlima, hujawahi kufika juu?"

"Juu kuna nini? Maji yako chini, soko liko chini, hata kanisa liko chini."

Moto ulinitoroka kabla sijamaliza ukanda wa kwanza. Niliupiga kwa tawi mpaka tawi likabaki kijiti. Ukaruka kichaka, ukaingia kwenye majani marefu, ukaanza kupanda. Nikarudi nyumbani, nikanawa mikono mara mbili, nikaketi kuchambua maharage kama mtu asiye na habari.

Saa nane Mtendaji akafika uani kwangu, watu nyuma yake.

"Nani kachoma?"

"Nani ajue, mwanangu. Labda warina asali."

Sikuwa nimemwona Aroni, mrina asali wetu, amesimama pale pale na ndoo yake.

"Mama Leokadia, mizinga yangu yote iko ng'ambo ya mto!"

"Nimesema labda."

"Huyu hata nyuki hawauogopi moshi wake," mmoja akasema, watu wakacheka. Mtendaji hakucheka. Akafungua daftari, akaandika: Aroni. Nilimwona akiandika, nikaendelea kuchambua maharage.

Ndipo simu yangu ikalia.

"Bibi! Kule kwenye minara mlinzi ametuzuia, wanatengeneza mitambo. Wenzangu wamerudi mjini. Mimi nikachukua bodaboda, nikazunguka, nikapanda mlima wako kwa upande wa pili. Bibi, nimekaribia kilele, na chini kote ni moshi!"

Ungo ukaniponyoka, maharage yakamwagika.

"Uko na nani?"

"Peke yangu. Nakimbilia juu."

"Usikimbilie juu! Moto unapanda mlima upesi kuliko mbuzi. Rudi ulikotoka."

"Cheche zimeruka, huko nako kunawaka."

"Basi shuka huku kwangu. Katiza moto, uingie penye majivu. Palipoungua hapaungui tena."

Nikasikia upepo, na kikohozi chake.

"Bibi, unaniambia niingie motoni? Wewe uko nyumbani, utajuaje palipoungua?"

Mtendaji alikuwa bado ameshika kalamu. Ningeweza kusema nimekisia, lakini mtoto haingii motoni kwa kukisia.

"Najua kwa sababu nimechoma mimi," nikasema, na nilisema kwa sauti, maana yeye alikuwa mbali. "Nilianzia kwenye lile jiwe kubwa lenye mgongo kama wa ng'ombe, juu ya pareto yangu. Kutoka kwenye jiwe kuna njia ya ng'ombe inapanda, majani yake yamekanyagwa. Hapo moto utakufika magotini, hautakufika kichwani. Unaliona jiwe?"

"Moshi... Naliona."

"Vua hilo koti la nailoni, litakugandia mwilini. Mwagia kitenge maji yote uliyo nayo, jifunike kichwa na uso. Zuia pumzi. Hatua kumi, kumi na tano. Usisimame, Faustina."

"Bibi, naogopa."

"Ogopa ukitembea."

Simu ikakatika. Nikapiga, haikupatikana. Nikapiga tena.

Aroni alikwenda mtoni, akajaza ndoo, akaniongoza kupanda. Mtendaji akaniita, sikugeuka. Majivu yalikuwa ya moto, ndara zangu za plastiki zikaanza kulainika na kuvutika kila nilipoinua mguu. Nilihesabu hatua, moja hadi kumi na tano, nikarudia, nikarudia, kana kwamba namhesabia yeye. Nikaita jina lake mpaka sauti ikakauka. Akaita Aroni.

Tulimkuta juu kidogo ya jiwe, ameketi katikati ya weusi, kitenge kimejaa matundu. Nyusi hakuna. Ngozi ya mkono wa kushoto ilikuwa imechubuka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Alikuwa anatetemeka, lakini anapumua. Aroni akapiga magoti, akaanza kumwagia maji mkononi, taratibu.

"Asante, baba. Wewe ni nani?"

"Mimi ni Aroni. Ndiye niliyeandikwa kwenye daftari kwamba nimechoma."

Faustina akamtazama, halafu akanitazama mimi, macho mekundu.

"Bibi. Kama aliyekuwa juu si mimi, ungesema?"

Aroni akaacha kumwaga. Na yeye alitaka kusikia.

Ndoo ilikuwa imebaki nusu. Nikamwambia Aroni aendelee kumwaga.